Namna ya kuunganisha betri mbili kwenye trekta kuukuu

ASUBUHI za msimu wa masika katika vilima vya Birongo, eneobunge la Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, huwa na baridi na umande mzito. Ndizo asubuhi ambazo trekta kuukuu hukataa kunguruma. Dereva huzungusha ufunguo, stata ikatoa mlio mmoja wa "tak", kisha kimya.

Trekta katika sehemu hii si mali ya kila boma. Mashamba ni madogo na mengi yameinama, hivyo mashine hiyo aghalabu hupata riziki yake kwa kuvuta tela lenye mawe ya ujenzi, matofali au mchanga, au kwa kwenda kulima katika mashamba mapana zaidi kama yale ya Borabu, kaunti ya Nyamira. Ikilala siku moja, hasara humfikia mwenyewe, dereva, utingo, na mkulima aliyekwisha kutoa arbuni huku mvua ikimpita.

Wengi hukwepa tatizo kwa kuegesha trekta juu ya mteremko ili liteleze na kuwaka kwa gia. Ni mbinu ya kale, na imewaokoa watu wengi, lakini breki za trekta la miaka 40 si za kuaminiwa kwenye barabara ya utelezi yenye watoto wa shule. Ndipo mwenye trekta hushauriwa aongeze betri ya pili.

Shauri hilo si baya. Ubaya ni kwamba kuna njia mbili za kuunganisha betri mbili, nazo zinafanana sana machoni, ilhali moja huliwasha trekta na nyingine huweza kuliunguza. Isitoshe, fundi wa sokoni mara nyingi amezoea malori. Lori kama Isuzu FRR au Mitsubishi Fuso FH hutumia volti 24, na betri zake mbili za volti 12 huunganishwa ili volti zijumlishwe. Fundi huyo akilifunga trekta la volti 12 kama alivyofunga lori jana yake, taa zitapasuka mara tu zitakapowashwa, altaneta na kidhibiti chake vitaharibika, na stata itazunguka kwa nguvu inayoweza kuvunja meno yake au ya gurudumu la injini.

Mfululizo na sambamba

Betri ya asidi na risasi ni mkusanyiko wa vyumba vidogo, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na ya volti 6 ina vyumba vitatu. Kwa hiyo hata maandishi yakiwa yamefutika, mtu anaweza kuhesabu vifuniko vya kutilia maji: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12.

Kuunganisha kwa mfululizo ni kufunga ncha ya chanya ya betri moja kwenye ncha ya hasi ya betri ya pili. Volti hujumlishwa, lakini akiba ya umeme, inayopimwa kwa ampea-saa, hubaki ile ya betri moja. Kuunganisha sambamba ni kufunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo volti hubaki zilezile na akiba hujumlishwa.

Mfano utafafanua. Betri mbili za volti 12 zenye ampea-saa 70 kila moja zikifungwa sambamba hutoa volti 12 na ampea-saa 140. Zikifungwa kwa mfululizo hutoa volti 24 na ampea-saa 70. Betri mbili za volti 6 zikifungwa kwa mfululizo hutoa volti 12, na huo ndio utaratibu uliotumika katika baadhi ya matrekta ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960. Nafasi ya kuweka betri ilikuwa finyu, na betri mbili ndogo zilipachikwa pahali ambapo moja kubwa isingeingia.

Kwa hiyo swali la kwanza si "betri zifungwe vipi" bali "trekta lenyewe ni la volti ngapi". Jibu lisitafutwe kwenye betri zilizopo, kwa maana huenda zilibadilishwa na watu watatu kabla ya mwenye sasa. Litafutwe kwenye kibati kilicho ubavuni mwa stata, kwenye altaneta au dainamo, na kwenye kitako cha balbu za taa. Vitu hivyo vitatu vikikubaliana kuwa ni volti 12, basi ni volti 12. Visipokubaliana, kazi isimame hadi sababu ijulikane. Matrekta mengi ya Massey Ferguson na Ford yaliyozeekea Afrika Mashariki, kama MF 135 na Ford 5000, ni ya volti 12.

Kuna machache yanayotoka nje ya kanuni hiyo, na mashuhuri zaidi ni John Deere 4010 na 4020 za dizeli za miaka ya 1960. Hizo zilikuwa na betri mbili za volti 12 kwa mfululizo, stata na jenereta za volti 24, na taa za volti 12 zilizogawanywa kati ya betri hizo mbili. Stata na jenereta hazikutumia mwili wa trekta kama njia ya kurudishia umeme. Nyingi zimegeuzwa tangu hapo kuwa za volti 12. Anayekutana na mashine ya aina hiyo asiguse waya hata mmoja kabla hajaona mchoro wake.

Upande upi umefungwa kwenye chesi

Katika magari ya leo, ncha ya hasi ndiyo inayofungwa kwenye chesi. Fundi kijana hulichukua jambo hilo kama sheria ya maumbile. Sivyo. Matrekta mengi ya zamani kutoka Uingereza, hususan yenye dainamo badala ya altaneta, yalitoka kiwandani yakiwa na chanya kwenye chesi, na yangali yanafanya kazi hivyo pale ambapo hayajabadilishwa.

Kosa hapa lina gharama. Altaneta ina dayodi, vijisehemu vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Betri ikiwekwa kinyume, dayodi hizo huungua kwa kufumba na kufumbua. Dainamo huvumilia zaidi, ila hubeba usumaku wa masalia, na ncha zikigeuzwa lazima fundi aipitishie mkondo kwa muda mfupi ili ikubali upande mpya, la sivyo haitachaji ipasavyo.

Kabla ya kung'oa betri ya zamani, basi, itazamwe ni ncha ipi iliyofungwa kwenye chesi, na iwekwe alama kwa rangi. Alama za betri zikiwa zimefutika, ncha ya chanya huwa nene kidogo kuliko ya hasi. Penye shaka, mita ya volti iamue.

Betri zenyewe

Betri mbili zinazofungwa pamoja ziwe ndugu: za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Katika maduka ya Kisii na Keroka betri hujulikana kwa majina kama N70 na N100, ambamo tarakimu hukaribiana na ampea-saa zake. Kufunga N70 mpya sambamba na N100 ya miaka minne ni kumfunga ndama nira moja na fahali mgonjwa. Ile dhaifu hunyonya nguvu ya ile nzima usiku kucha, na baada ya miezi michache zote mbili ni za kutupwa. Mwenye trekta akisema hawezi kumudu mbili mpya, ni afadhali anunue moja mpya iliyo kubwa ya kutosha. Kwa kweli, kwa injini ndogo ya silinda tatu kama ya MF 135, betri moja nzuri inatosha kabisa, na anayehitaji mbili aghalabu ana tatizo jingine ambalo litaelezwa hapa chini.

Kabla hazijaunganishwa sambamba, kila betri ichajiwe peke yake hadi ijae, kisha iachwe itulie saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebakiza karibu nusu, na ikiwa chini ya 12 iko hoi. Mbili hizo zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, iliyo chini irudishwe kwenye chaji. Zikiunganishwa hali moja imejaa na nyingine tupu, mkondo mkubwa utakimbia kutoka moja hadi nyingine bila kizuizi chochote.

Nyaya na hesabu yake

Hapa ndipo akiba ya shilingi mia chache huzaa hasara. Stata ya trekta huweza kudai ampea 300 inapoanza kuzungusha injini baridi. Waya wa kawaida wa soketi za nyumba, wenye unene wa milimita mraba 2.5, una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa kila mita. Kwa ampea 300, mita moja ya waya huo hupoteza volti mbili na kutoa joto la takriban wati 600, sawa na koili ndogo ya kupikia iliyolazwa kando ya tangi la dizeli. Kebo ya shaba ya milimita mraba 50 hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya volti kwa mita hiyohiyo. Kebo inayounganisha betri na betri nayo iwe na unene uleule wa ile inayokwenda kwenye stata, kwa kuwa hubeba mzigo wa aina moja.

Katika mpangilio wa sambamba kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kebo ya stata itolewe kwenye chanya ya betri ya kwanza, na kebo ya chesi itolewe kwenye hasi ya betri ya pili. Yaani, mzigo uchukuliwe kwa mshazari. Zote mbili zikitolewa kwenye betri moja, iliyo karibu hufanya kazi kubwa na huchajiwa zaidi, ilhali ya pili husindikiza tu.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Injini izimwe, swichi zote zifungwe, na pete, saa ya chuma na bangili vivuliwe. Kebo ya chesi ndiyo ya kwanza kufunguliwa na ya mwisho kufungwa, iwe ni hasi au chanya. Sababu ni rahisi. Kebo ya chesi ikiwa bado imefungwa, spana inayogusa ncha ya pili na chuma cha trekta kwa pamoja hukamilisha njia ya umeme, nayo hugeuka nyekundu mkononi mwa fundi. Kebo ya chesi ikiwa imeondolewa, mguso huo hauna madhara.

Betri zipachikwe kwenye sanduku imara na kukazwa kwa ukanda wa chuma au mbao, pasiwe na chuma kinachoweza kugusa ncha. Barabara za mawe hutikisa mabamba ya ndani hadi yamwage unga wake chini, na betri iliyowekwa juu ya gunia tupu haimalizi miaka miwili. Ncha na vishikio visuguliwe hadi ving'ae. Ukoko mweupe au wa kijani huondolewa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani na kuua tindikali.

Kwa betri mbili za volti 12 kwenye trekta la volti 12 lenye hasi kwenye chesi, kebo ya stata hufungwa kwenye chanya ya kwanza, kisha chanya mbili zikaunganishwa. Sasa, kabla hasi hazijaunganishwa, mita iwekwe kati ya hasi ya betri moja na hasi ya nyingine. Ikisoma karibu sifuri, mambo ni sawa. Ikisoma karibu 25, betri moja imegeuzwa, na kebo ambayo ingefungwa hapo ingeyeyuka huku betri zikipasuka na kurusha tindikali. Kipimo hicho huchukua nusu dakika. Baada yake hasi huunganishwa, na mwisho kabisa kebo ya chesi hufungwa kwenye hasi ya betri ya pili.

Kwa betri mbili za volti 6, chanya ya moja huunganishwa na hasi ya nyingine kwa kebo fupi, na ncha mbili zilizobaki hupimwa. Ziwe na takriban volti 12.6. Zikisoma sifuri, betri zimeelekezana vibaya na zinafutana, kosa lisilounguza kitu ila huacha trekta kimya kabisa. Ndipo stata na chesi huunganishwa, kwa kufuata ile alama ya rangi iliyowekwa mwanzoni.

Vishikio vikishakazwa hupakwa grisi au vaselini kwa nje. Kwa nje, si kati ya ncha na kishikio.

Pale betri isipokuwa na hatia

Matrekta mengi hupewa betri ya pili kwa kosa la waya wa chesi. Waya huo hufungwa mahali penye rangi, kutu na matope, na kadiri miaka inavyopita, umeme hupenya kwa taabu. Ukinzani wa omu 0.01 tu pahali hapo, mdogo usioonekana kwa macho, hula volti tatu stata inapodai ampea 300. Hata betri tano hazitaziba pengo hilo.

Kupima ni rahisi. Mita iwekwe ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye chesi, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha msaidizi azungushe stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya au kiungo chake ni kibovu. Kipimo hichohicho hurudiwa kati ya nguzo ya pili ya betri na ncha ya stata. Hatimaye, volti za betri yenyewe zipimwe stata ikizunguka: zikishuka chini ya takriban 9.6, betri ni dhaifu au stata inavuta mkondo kupita kiasi. Injini ikiwaka, altaneta nzima huinua volti hadi kati ya 13.8 na 14.4.

Ikumbukwe pia kwamba betri ya pili haiongezi chaji. Dainamo ya zamani inayotoa ampea 20 huhitaji zaidi ya saa 10 kujaza betri mbili tupu za ampea-saa 100 kila moja, tena taa zikiwa zimezimwa. Trekta linalofanya safari fupi za mawe, likizimwa na kuwashwa mara 15 kwa siku, huenda lisizijaze kamwe. Tiba hapo ni altaneta, au chaji ya umeme wa nyumbani usiku.

Hatari ya gesi na tindikali

Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa sababu hiyo, desturi ya kugonganisha waya kwenye nguzo "kuona kama kuna moto" ni hatari kuliko inavyodhaniwa. Wapo waliopoteza macho kwa jambo hilo. Sigara, kibatari na mwenge wa kulehemu vikae mbali. Tindikali ikimrukia mtu jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe hospitalini bila kungoja lianze kuuma zaidi.

Trekta likiwashwa kwa msaada wa gari jingine, kwanza ithibitishwe kuwa gari hilo ni la volti zilezile. Kwa trekta lenye hasi kwenye chesi, chanya huunganishwa na chanya, na kebo ya pili hutoka kwenye hasi ya gari hadi kwenye chuma cha injini ya trekta, mbali na betri, ili cheche ya mwisho isitokee palipo na gesi. Kwa trekta lenye chanya kwenye chesi, magari mawili yasigusane hata kidogo, na ni salama zaidi kuazima betri pekee kuliko kuazima gari zima.

Maji yanayoongezwa yawe yale maalumu ya betri yanayouzwa madukani. Maji ya mto, ya kisima na hata ya mvua yaliyopita kwenye mabati yana madini na uchafu unaodhoofisha mabamba. Tindikali haiongezwi kwenye betri inayotumika, ila tu kama imemwagika.

Betri iliyokufa nayo isipasuliwe nyuma ya nyumba ili risasi yake iuzwe kwa kilo. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi kati ya 2007 na 2014 kiliacha risasi katika udongo na katika damu ya watoto, na mnamo Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi huo ulibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024. Wauzaji wengi wa betri hupokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Isafirishwe ikiwa imesimama wima, vifuniko vikiwa vimekazwa, wala si juu ya magunia ya mahindi.